Kinachofukiwa na Zege

Kila jengo lina kazi ya aina mbili. Ipo inayoonekana: rangi, vigae, madirisha ya aluminiamu, geti la chuma, dari ya jipsamu. Na ipo inayofukiwa. Msingi unafukiwa na udongo. Nondo zinafukiwa na zege. Ringi zinazozifunga nondo hizo ndani ya nguzo hazionekani tena baada ya zege kumwagwa. Mwenye nyumba anahamia, anaalika ndugu na majirani, anapokea hongera, na katika hongera zote hizo hakuna anayesifu ringi. Hazionekani. Kilichobaki ni uaminifu wa fundi aliyezifunga kwa mtu atakayelala humo, ambaye pengine hajazaliwa bado.

Ninaifikiria sana hii kazi inayofukiwa, kwa sababu siku ardhi inapotikisika, tufani inapopiga kutoka baharini au mto unapoacha njia yake, ni hiyo peke yake inayoulizwa. Rangi haiulizwi kitu.

Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, yapata saa tisa na nusu alasiri, mkoa wa Kagera ulitikiswa na tetemeko lenye ukubwa wa 5.9. Kwa kipimo cha dunia hilo ni tetemeko la wastani. Japani hupata matetemeko ya kadiri hiyo mara kwa mara, na aghalabu watu hurudi kwenye shughuli zao siku hiyohiyo. Bukoba na vijiji vinavyoizunguka vilipoteza watu zaidi ya 15, mamia wakajeruhiwa, na maelfu ya nyumba zikaanguka au zikapasuka kiasi cha kutokalika. Shule kongwe za sekondari za Ihungo na Nyakato ziliharibika vibaya hadi zikafungwa. Tuliwazika waliokufa, tukachangishana, tukapeleka mahema na mabati. Lakini kila nikiikumbuka siku ile nashikwa na hofu ya jambo moja: ilikuwa Jumamosi alasiri. Watoto wa shule za kutwa walikuwa nyumbani, wengi wao nje wakicheza au wakichota maji. Lingekuja Jumatatu saa nne asubuhi, wakiwa wamejaa madarasani, tungekuwa na msiba wa namna nyingine kabisa.

Ukuta wa tofali umezoea kubeba mzigo unaotoka juu. Unaweza kusimama miaka 60 ukibeba paa bila kulalamika. Tetemeko haliji kwa juu. Linausukuma ukuta ubavuni, linauvuta, linausukuma tena, ndani ya sekunde chache. Tofali zilizoshikanishwa kwa udongo mtupu huachana. Pembe za nyumba hufunguka, kila ukuta ukaenda upande wake, na ile sehemu ya pembetatu iliyo juu, chini ya paa, huporomoka kwanza kwa sababu haijafungwa na kitu. Dawa yake inajulikana na si ya ajabu: lenta ya zege yenye nondo inayozunguka nyumba nzima bila kukatika, juu ya milango na madirisha, ili kuta zote nne zishikamane na kwenda pamoja. Madirisha yakae mbali na pembe. Kenchi zifungwe kwenye lenta, zisiwekwe juu ya ukuta tu kwa kutegemea uzito wake.

Wahaya wa zamani, wenyeji wa Kagera, walijenga msonge. Miti mirefu iliyopindwa, matete, kamba za magome, nyasi kutoka kileleni hadi chini, vyote vimefungwa pamoja kama kikapu kilichofunikwa. Nyumba ya namna hiyo hutikisika pamoja na ardhi, na hata ikianguka, kinachomwangukia mtu ni nyasi na fito. Sisemi turudi kwenye msonge. Unaungua, unaliwa na mchwa, na mtu aliyetafuta maisha ana haki ya kutaka nyumba ya tofali na bati. Ninachosikitikia ni kwamba tulipobadilisha vifaa hatukubeba ule ujuzi uliokuwa ndani ya vifaa vya kwanza. Kule kwenye msonge kila kitu kilifungwa kwa kingine. Kwenye nyumba ya tofali tukapanga tu, kozi juu ya kozi, tukaamini uzito utafanya kazi ya kamba. Nyumba za fito na udongo za pwani zina siri hiyohiyo: udongo unaweza kumeguka, lakini fito zilizosukwa zinabaki zimeshika.

Tuna msemo tunaoutumia kila msiba wa namna hii unapotokea: ajali haina kinga. Nimeusikia matangani, nimeusikia kwa viongozi wanaokuja kutoa pole. Unafariji, na siku ya maziko sina ugomvi nao. Aliyefiwa hahitaji kufundishwa uhandisi. Ila msemo huo tunauacha uendelee kukaa nasi hata baada ya arobaini, na hapo unageuka kuwa kisingizio. Tetemeko ni kazi ya Mungu, nakubali kwa moyo wote. Ukuta ni kazi yetu. Waislamu wanafundishwa habari ya Mtume aliyemwambia mtu amfunge kwanza ngamia wake, ndipo amtegemee Mwenyezi Mungu. Wakristo wanasoma katika Injili habari za nyumba mbili, moja juu ya mwamba na nyingine juu ya mchanga, na mvua iliyozipiga zote mbili ilikuwa ileile. Sioni katika dini zetu hizi mahali ambapo tumeruhusiwa kujenga vibaya kisha tukamwachia Mungu lawama.

Mwaka 2010 dunia ilioneshwa jambo hili kwa uchungu mkubwa. Tarehe 12 Januari tetemeko la 7.0 liliipiga Haiti karibu na mji mkuu wa Port-au-Prince. Waliokufa walizidi laki moja, na serikali ya nchi hiyo ilitaja idadi inayozidi laki mbili. Wiki sita baadaye, tarehe 27 Februari, Chile ikapigwa na tetemeko la 8.8, ambalo kwa nguvu iliyotolewa lilikuwa kubwa mara 500 hivi kuliko lile la Haiti. Chile walikufa watu kama 525, na baadhi yao waliuawa na tsunami iliyofuata. Ni haki kusema kwamba la Haiti lilikuwa karibu na uso wa ardhi na karibu na mji uliosongamana, wakati la Chile lilianzia baharini. Lakini hilo peke yake halitoshi kueleza pengo lile. Haiti haikuwa na kanuni za ujenzi za kitaifa zinazotekelezwa. Chile ilikuwa imepigwa mwaka 1960, huko Valdivia, na tetemeko la 9.5, kubwa kuliko yote yaliyowahi kupimwa duniani, na haikusahau. Sheria yao inamfunga aliyejenga na kuuza jengo: kasoro ya muundo ikitokea ndani ya miaka 10, yeye ndiye anayejibu. Kwa maneno mengine, ile kazi inayofukiwa ina mwenyewe, na jina lake linajulikana.

Mahali pasipo na mwenyewe, hali huwa nyingine. Uturuki ilikuwa na kanuni nzuri, zilizokazwa baada ya tetemeko la 1999 karibu na Izmit. Kilichokosekana ni watu wa kusema hapana. Mwaka 2018 serikali ilitoa msamaha wa majengo: aliyejenga bila kibali au kinyume cha kibali alilipa ada, jengo lake likahalalishwa. Tarehe 6 Februari 2023 yakaja matetemeko mawili siku moja, na nchini humo pekee wakafa watu zaidi ya 50,000. Ada ilikuwa imeingia hazina. Haikuongeza hata nondo moja katika nguzo.

Nasi hatukusubiri tetemeko. Siku ya Ijumaa Kuu, tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam lilianguka likaua watu zaidi ya 30. Novemba 2024 likaanguka jingine Kariakoo, likaua watu zaidi ya 20, wafanyabiashara na wateja waliokwenda kutafuta riziki. Hakukuwa na upepo wala mtikisiko. Tunaishi kandokando ya Bonde la Ufa, ambamo mwaka 1910, kwenye eneo la Ziwa Rukwa, lilitokea tetemeko la 7.4. Wakati ule sehemu zile zilikuwa na watu wachache na nyumba nyepesi. Leo tuna miji.

Mtu akisoma habari hizi anaweza kudhani kinga ni jambo la mitambo mikubwa na fedha za kigeni. Sehemu yake ni hivyo, kwa madaraja na mabwawa. Lakini sehemu kubwa iko mikononi mwa fundi na msaidizi wake, saa sita mchana, jua kali, bosi hayupo. Ringi ya nguzo inatakiwa ncha zake zikunjwe ziingie ndani ya moyo wa nguzo, nyuzi 135. Wengi huzikunja nyuzi 90 kwa sababu ni rahisi na haraka. Kwa macho ya kawaida hakuna tofauti. Jengo likitikiswa, ganda la nje la zege hubanduka, ringi ya nyuzi 90 hufunguka, nondo ndefu hupinda kwenda nje na nguzo husagika. Ile iliyoingia ndani hubaki imeshika, nguzo ikapinda lakini ikasimama, watu wakapata muda wa kutoka. Kazi ya kuikunja vizuri ni ya sekunde chache kwa kila ringi.

Maji nayo. Zege likiwa zito kumimina, msaidizi huongeza ndoo ya maji. Linateleza, kazi inakwenda, wote wanashukuru, na nguvu yake imepungua. Mchanga uliochotwa ufukweni una chumvi, na chumvi huozesha nondo taratibu ndani ya zege, bila sauti, kwa miaka. Zege lililokwisha kumwagwa linataka kumwagiliwa kwa siku saba angalau, nalo huendelea kukomaa. Wahandisi hulipima nguvu likiwa na siku 28. Nani atatoka nyumbani kwake Jumapili kwenda kumwagilia nguzo ya mtu mwingine? Mfuko mmoja wa saruji, fyatua tofali 30 au fyatua 60, zikikauka zinafanana. Hapa ndipo ninapoona kwamba kinga ya maafa, kabla haijawa elimu, ni tabia. Fundi ameshika amana. Aliyemkabidhi amana hiyo hawezi kuikagua, na pengine hatajua maisha yake yote kama ilitunzwa au ililiwa.

Simlaumu fundi peke yake. Mara nyingi mwenye nyumba ndiye anayesema, "Fundi, hizo nondo mbona nyingi hivyo? Tupunguze, fedha ibaki ya vigae." Na fundi anayetaka kazi hajibu kitu. Fundi mwaminifu hupewa jina la mgumu, au la mtu anayetaka kumfilisi bosi, na kazi inayofuata anapewa mwenzake. Tumezoea kumlipa mtu kwa kinachoonekana, kisha tunashangaa anapokipunguza kisichoonekana.

Ndiyo maana nimevutwa sana na habari za Fudai. Ni kijiji cha wavuvi kwenye mkoa wa Iwate, pwani ya kaskazini mashariki mwa Japani, kilichokuwa na watu 3,000 hivi mwaka 2011. Tsunami ya mwaka 1896 na ile ya 1933 ziliua humo watu 439 kwa jumla. Kotoku Wamura alikuwa kijana mwaka 1933, akaona miili ikitolewa kwenye vifusi. Mwaka 1947 alichaguliwa kuwa mkuu wa kijiji, akakiongoza kwa miaka 40. Katika uongozi wake alijenga kwanza ukuta wa bahari, uliokamilika 1967, kuzikinga nyumba za wavuvi. Kisha akataka lango kubwa la kuzuia bahari mahali mto unapoingilia baharini, kwa sababu bonde la mto huo ndilo njia ambayo maji yangepitia kuingia kijijini. Lango hilo lilikamilika mwaka 1984. Lina urefu wa mita 205 na kimo cha mita 15 na nusu, na liligharimu zaidi ya yen bilioni 3.

Watu walimlalamikia. Fedha zote hizo kwa kijiji kidogo namna hii? Vijiji vya jirani vilikuwa na kuta za mita 10 au pungufu, na havikuonekana vimekosea. Wenye ardhi hawakupenda kuachia maeneo yao. Yeye alishikilia jambo moja tu: kumbukumbu ya kijiji ilisema wimbi la 1896 lilifika mita 15, basi kinga haiwezi kuwa chini ya hapo. Hakuwa na hoja nyingine, wala hakuihitaji. Alistaafu mwaka 1987. Alikufa mwaka 1997. Hadi siku anazikwa, lango lake lilikuwa halijazuia tsunami yoyote kubwa, na yeyote aliyetaka kusema kwamba mzee alipoteza fedha za watu angeweza kusema, wala hakuna ambaye angekuwa na ushahidi wa kumpinga.

Tarehe 11 Machi 2011 likatokea tetemeko la 9.0 baharini, na tsunami iliyofuata ikaifagia pwani ile. Waliokufa na waliopotea walizidi 18,000. Fudai, milango ya lango ilishushwa; sehemu ndogo moja iligoma, zimamoto wakaenda kuifunga kwa mikono yao huku bahari inakuja. Wimbi lilikuwa refu kuliko lango lenyewe, maji kiasi yakapita juu, lakini nguvu yake ilikuwa imevunjika. Bandari iliyokuwa upande wa nje iliharibiwa pamoja na mashua. Nyumba zilizokuwa nyuma ya lango zilibaki, na shule ilibaki. Mtu mmoja tu wa kijiji alipotea, aliyekuwa amekwenda kuangalia mashua yake. Baadaye wanakijiji walikwenda kwenye kaburi la Wamura kumshukuru.

Nimejiuliza mara nyingi ni nini kinachomwezesha mtu kufanya hivyo. Kiongozi wetu wa kawaida, na sisemi wa chama fulani, anafikiria uchaguzi unaofuata. Anataka kitu cha kukatia utepe. Kalavati pana zaidi, msingi ulioshuka mita mbili zaidi, ukuta ulioongezwa kimo kwa ajili ya wimbi ambalo pengine halitakuja katika uhai wake, hivi havina sherehe. Vikifanya kazi yake vizuri, hakuna linalotokea, na jambo lisilotokea haliandikwi gazetini. Wamura alikubali kuonekana mbadhirifu mbele ya watu aliokuwa akiwaokoa. Huo ni ukarimu wa kiwango ambacho sijui kama ningekifikia. Kumpa mtu chakula, unaona anakula. Kumpa mtu uhai wake miaka 27 kabla, bila yeye kujua na bila wewe kuwepo, kunahitaji mapenzi ya aina nyingine, yaliyoshibana na hesabu za mita na saruji.

Hata hivyo, haifai kumsimulia Wamura kana kwamba ukuta ndio wokovu. Kusini kidogo ya Fudai kuna mji wa Taro. Taro nao ulikuwa umejifunza: ulijenga ukuta wa mita 10 wenye urefu wa kilomita 2.4, uliosifiwa hata nje ya Japani. Mwaka 2011 maji yaliuruka ukuta huo, na wakafa karibu watu 200. Baadhi walikuwa wameuamini ukuta mno, hawakukimbilia mlimani. Watu wa Taro hawakuwa wazembe, wala wajenzi wao hawakuwa waongo. Kila kinga hujengwa kwa makadirio, na makadirio hayo lazima yasemwe wazi kwa wanaokaa nyuma yake: ukuta huu ni wa mita kadhaa, bahari ikizidi hapo, kimbieni. Mhandisi anayeficha mpaka wa kazi yake ili watu wapate usingizi amewadhulumu, hata kama zege lake ni safi.

Kwetu hili linahusu maji zaidi ya kitu kingine chochote. Mtu akiambiwa kalavati imejengwa kwa mvua inayotokea mara moja katika miaka 50, hudhani kwamba ikinyesha mwaka huu, tuna miaka 49 ya kupumzika. Sivyo. Maana yake ni kwamba kila mwaka, huu na ujao na unaofuata, kuna nafasi moja kati ya 50 ya mvua hiyo kuja. Na hiyo 50 yenyewe imekokotolewa kwa kumbukumbu za mvua za zamani, wakati bahari yetu inazidi kupata joto. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika pwani yetu karibu na Mafia, na barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Lindi ikakatika eneo la Somanga, wilayani Kilwa. Mikoa ya Lindi na Mtwara ikatengwa na Dar es Salaam kwa njia ya barabara. Wengi walisema jambo kama hilo halijawahi kuonekana. Wazee wa Lindi wanajua kwamba mji wao ulipigwa na kimbunga tarehe 15 Aprili 1952. Zanzibar ilipigwa tarehe 15 Aprili 1872, mikarafuu na minazi ikalala chini, na merikebu za Sultani Barghash zikaangamia. Miaka 80 na miaka 72 ni vipindi virefu kwa mtu mmoja. Kwa daraja ni umri wa kawaida, na anayelichora hana budi kukumbuka zaidi ya umri wake.

Ugumu mkubwa unabaki kwa maskini, na sitaki kuupita haraka. Ni rahisi kumwambia mtu asijenge bondeni. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu 40 hivi Dar es Salaam, na familia nyingi za Bonde la Msimbazi zikapelekwa Mabwepande, mbali na mji. Baadhi walirudi, kwa sababu kibarua kiko mjini na nauli inakula kibarua. Miaka michache baadaye, kwenye bonde hilohilo la Jangwani, kilijengwa kituo kikuu cha mabasi yaendayo haraka, na maji yamekiingia mara kwa mara. Mwananchi aliyeondolewa akaona umma wenyewe umejenga pale alipokatazwa. Lile lilikuwa kosa la uhandisi, na lilikuwa kosa la maadili zaidi, kwa sababu onyo halina nguvu likitoka kwa asiyelifuata. Sasa kuna mradi mkubwa wa kuliendeleza bonde hilo kwa mkopo wa Benki ya Dunia, pamoja na daraja jipya la Jangwani lililo refu na la juu zaidi. Ni hatua njema. Ingekuwa nafuu zaidi kuusikiliza mto mapema.

Kwa anayejenga vyumba viwili kwa akiba ya miaka 10, najua kila mfuko wa saruji una maumivu yake. Lakini mengi yanayookoa si ya gharama kubwa kuliko yale yanayopendeza. Lenta inayozunguka nyumba nzima inawezekana kulipiwa kwa kuahirisha vigae. Kufunga paa kwa waya na vipande vya bati ili upepo usilinyanyue ni kazi ya siku moja. Kusogeza dirisha mbali na pembe ya nyumba ni bure kabisa, mradi fundi aelezwe kabla ya kozi ya kwanza.

Mahali ambapo sioni udhuru wowote ni shuleni na kwenye zahanati. Mtu mzima huchagua kwa kiasi fulani nyumba ya kulala. Mtoto hachagui darasa. Sheria inamtaka aende, mzazi anamsukuma aende, na mwalimu anamfungia mlango ili asitoroke. Tukimlazimisha mtoto kukaa chini ya paa fulani kwa miaka kadhaa, sisi sote tumelidhamini paa hilo. Mwaka 2021, kwa mkopo wa IMF uliotolewa wakati wa UVIKO-19, nchi yetu ilijenga madarasa 15,000 ndani ya miezi michache, mengi kwa utaratibu wa kutumia mafundi wa hapohapo chini ya kamati za shule. Ni kazi kubwa, na wazazi tuliifurahia. Kasi ile inatudai kitu: mhandisi wa halmashauri apite darasa baada ya darasa, kuanzia Kagera, Kigoma, Rukwa na Dodoma ambako ardhi hutikisika, akague lenta, pembe na kenchi, na pale palipopungua, paongezwe nguvu sasa, wakati kuta zimesimama na watoto wakiwa likizo.

Ndugu msomaji, pengine wewe ni mjumbe wa kamati ya shule, au unamfahamu mmoja. Katika kikao kijacho, kabla ya ajenda ya rangi na uzio, omba taarifa ya mhandisi kuhusu lenta na misingi ya madarasa yenu, na usikubali kikao kifungwe mpaka tarehe ya ukaguzi iandikwe kwenye muhtasari.